Mlango wa Mirihi na mawe ya Micheweni

Swali: Assalamu alaykum. Mimi napasua kokoto Micheweni, kazi niliyoirithi kwa mama yangu. Mwanangu anayesoma skuli kaniletea picha mbili kwenye simu, anasema zote zimepigwa kwenye sayari ya Mirihi. Moja ni ya mlango uliochongwa mwambani, miimo yake imenyooka kabisa. Ya pili ni tumbawe, tumbawe hasa, kama haya yetu. Nimepasua mawe miaka 26 na sijaona jiwe likajichonga mlango lenyewe. Nani kauchonga? Na kama kuna tumbawe, si ina maana kulikuwa na bahari? Kwa nini Wamarekani hawaendi wakaingia mle ndani wakatazama, wanatuficha nini? Nakutumia na picha ya jiwe nililolitoa shimoni juzi, lina umbo la unyayo wa mtoto. Nijibu kwa kirefu.
Msomaji, Micheweni, Pemba

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Picha hizi naulizwa mara nyingi, lakini wanaoniuliza kwa kawaida ni watu ambao hawajawahi kushika mtaimbo. Wewe jiwe unalijua kwa mikono. Mimi nimelisomea tu, kwa hiyo nitakujibu nikishikilia yale unayoyajua tayari.

Nianze na mlango. Picha ile ni ya kweli. Ilipigwa tarehe 7 Mei 2022 na kigari cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiitwacho Curiosity, ambacho kilitua Mirihi mwezi Agosti 2012 ndani ya bonde kubwa la mviringo linaloitwa Gale. Siku hiyo kilikuwa kinapanda miteremko ya Mount Sharp, mlima uliomo ndani ya bonde hilo. Hakuna aliyeichezea picha kuongeza mlango. Kilichofanyika ni kwamba mtu alichukua picha pana ya jabali zima, akakata kipande kidogo, akakikuza mpaka kikajaza kioo cha simu. Hapo ndipo kipimo kilipopotea. Mle pichani hamna mtu, hamna mnazi, hamna hata kuku wa kulinganisha naye. Waliopima wanasema uwazi ule una kimo cha sentimita 30 hivi na upana wa kama sentimita 40. Nyundo yako ya mpini mfupi ukiisimamisha pale, kichwa chake kinagusa juu.

Najua kipimo peke yake hakikutoshi, maana utaniambia hata mlango mdogo una mchongaji. Umeniambia pia kwamba kwa miaka 26 hujaona jiwe likikatika hivyo, nami nakuamini. Lakini fikiria ni jiwe gani umekuwa ukilipasua. Jiwe la uwanda wa Micheweni ni mwamba wa kale wa matumbawe, uliojengwa baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndani yake mna miili ya matumbawe, makombe, kaure, mchanga, vyote vimegandana kwa chokaa bila mpango. Ni kama mkate wa kumimina: ukiumega haukatiki kwa mstari, unakatika kwa kufuata matundu yake. Jiwe la namna hiyo haliwezi kukupa mwimo ulionyooka, hata ulipige miaka mia.

Mwamba wa pale kwenye mlango ni wa jamaa nyingine kabisa. Huo ni mchanga uliorundikwa tabaka juu ya tabaka, halafu ukashikana ukawa jiwe. Uwaze kama manda za sambusa zilizopangwa. Mwamba wa tabaka ukielemewa au ukitikiswa hupasuka kwa mistari iliyonyooka, mingine ikienda sambamba na tabaka, mingine ikikata wima. Pale zinapokutana nyufa tatu au nne, kabari ya jiwe hulegea, huteleza, huanguka chini, na nafasi inayobaki ina pembe kama iliyopimwa kwa fundi. Ukiiona picha nzima, ile isiyokatwa, utaona jabali lote limejaa nyufa za aina hiyo, kulia na kushoto. Uwazi mmoja tu ndio ulioangukia kufanana na mlango, nao ndio uliosambazwa.

Sasa, jiwe lililochongwa na mtu tunalijuaje? Kwenu kuna darasa zuri la jambo hili. Nenda kwenye magofu ya Chwaka, hapo karibu na Tumbe, kama hujafika siku nyingi. Pale mna msikiti na makaburi yaliyojengwa kwa mawe haya haya ya matumbawe. Hata ukuta ukiwa umeanguka nusu, hujiulizi kama umejengwa. Unaona chokaa iliyochomwa, mawe yaliyosawazishwa upande mmoja tu, ule unaoonekana. Chini kuna vigae vya vyungu na vya vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Na huku Unguja, kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye tumbawe yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Herufi moja ina mkono wa herufi ya jirani yake. Kazi ya mtu haikai peke yake. Huacha vifusi na njia, na makosa pia, na hujirudia. Wewe mwenyewe ukiondoka kwenye shimo lako, atakayekuja miaka 300 baadaye atajua kulikuwa na mpasua kokoto kwa chenga utakazoziacha. Chini ya mlango wa Mirihi hakuna chenga za tindo, wala njia iliyokanyagwa, wala mlango wa pili.

Kuna kitu kingine kinachopoteza macho, nacho ni jua. Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Viking 1, kilichokuwa kikizunguka Mirihi, kilipiga picha eneo liitwalo Cydonia. Ikaonekana sura ya mtu inayotazama juu: macho, pua, mdomo. NASA wenyewe ndio walioitoa hadharani siku chache baadaye, wakaeleza kuwa ni kilima na vivuli. Watu wengi hawakukubali. Miaka zaidi ya ishirini vilitungwa visa juu ya sura ile. Tatizo la picha yenyewe lilikuwa wazi kwa anayejua kupiga picha. Jua lilikuwa chini sana, likaacha upande mzima wa kilima kwenye kivuli, na kila nukta ya picha ilifunika ardhi yenye upana unaokaribia mita 50. Kwa kipimo hicho nyumba yako na ya jirani yako na uwanja kati yenu zote zinakuwa nukta moja. Kisha chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikarudi pale mwaka 1998 na tena mwaka 2001, mara hii ya pili kikiwa na nukta za mita moja na nusu hivi. Kilichoonekana ni kilima chenye juu bapa, kilomita mbili tatu kwa urefu, kimelika pembeni kama vilima vingine vya eneo lile. Sura ilikuwa imeondoka na kivuli chake.

Mvuvi anayerudi alfajiri anaijua hali hii. Jabali analolipita kila siku linaweza kuonekana mzee aliyeinama jua linapochomoza, na saa sita mchana likawa jabali tu. Macho ya binadamu yameumbwa kuitafuta sura ya mwenzake kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto mchanga huitambua sura ya mama yake kabla hajajua kushika kijiko. Ni neema kubwa hiyo, ila tukitazama mawe inatubidi tuiwekee ulinzi.

Na usidhani wanaopotezwa na umbo ni wasiosoma peke yao. Mwaka 1984 liliokotwa kwenye barafu ya Antaktika jiwe la karibu kilo mbili, likapewa jina ALH84001. Ni kimondo kilichotoka Mirihi. Agosti 1996 watafiti wa NASA walitangaza kwamba ndani yake kuna dalili za uhai wa kale, na kilichovuta macho zaidi kilikuwa picha ya vijimwili virefu kama minyoo, vidogo mno. Rais wa Marekani wa wakati huo, Bill Clinton, alisimama kulizungumzia. Miaka iliyofuata wataalamu wengine walionyesha dalili moja baada ya nyingine kwamba maumbo kama yale na madini kama yale yanaweza kutokea bila kiumbe chochote, na leo wataalamu wengi hawaukubali ushahidi ule. Nalitaja hili kwa sababu lilinifundisha mimi mwenyewe. Tangu hapo, mtu akinionyesha umbo, nauliza kwanza limetengenezwa na nini, kwa njia gani.

Basi tuje kwenye tumbawe, picha yako ya pili, ambayo kwangu ina utamu kuliko mlango. Nayo ni ya Curiosity, ya Julai 2025. Kijiwe kile kina upana wa sentimita mbili na nusu hivi, kama kifuniko cha chupa ya soda. Kina matawi, kimepauka, na naungana nawe kabisa kwamba ukikiona bila kuambiwa utasema kimeokotwa pwani ya Pemba.

Kwenu bado mnafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani ili kupata usumba wa kusokotea kamba. Kumbi likikaa miezi, ile nyama laini inaoza. Ukilitoa na kulipondaponda, laini yote inakwenda na maji, zinabaki nyuzi. Nyuzi zilikuwamo tangu mwanzo, ulichofanya ni kuondoa kilichozizunguka. Kijiwe cha Mirihi kina historia ya namna hiyo. Zamani sana maji yaliingia kwenye nyufa za mwamba, yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka. Maji yakakauka, madini yakabaki ndani ya nyufa, yakawa magumu kuliko mwamba wenyewe. Halafu upepo ukaanza kazi. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, kanieneo lake halifiki hata asilimia moja ya hewa yetu, lakini inabeba vumbi na mchanga, na imepewa muda ambao hapa kwetu hatuna mfano wake. Hapa mvua ingekwishamaliza kila kitu. Unajua jinsi mvua inavyolila jiwe la uwanda mpaka likawa na meno yanayochana viatu. Kule mvua haijanyesha kwa mabilioni ya miaka. Upepo umekwangua polepole jiwe laini lililozunguka, na ile mishipa migumu iliyojaza nyufa ikabaki imesimama kama matawi.

Kwa hiyo si tumbawe. Lakini ulipouliza kama kulikuwa na maji uligusa penyewe, maana kijiwe kile ni shahidi wa maji kweli, kwa njia isiyohitaji kiumbe.

Na ushahidi wa maji una mawe mengine yasiyo na sura yoyote. Wewe unauza kokoto, na unajua tofauti ya kokoto na changarawe ya mtoni hata gizani, kwa vidole. Kokoto ina pembe kwa sababu imepasuliwa. Changarawe imekuwa mviringo kwa sababu maji yameiviringisha na kuisuguanisha na wenzake masafa marefu. Septemba 2012, wiki chache tu baada ya kutua, Curiosity ilikuta mwamba uliojaa changarawe za mviringo zilizoshikana kama zege. Baadhi zilikuwa kubwa mno kubebwa na upepo. Pale palipita kijito. Picha ile ni ya kawaida kabisa, inafanana na kifusi cha barabara, na sidhani mwanao amewahi kuletewa na mtu. Kwangu mimi ni miongoni mwa picha kubwa zilizowahi kupigwa nje ya dunia hii. Kabla yake, mwaka 2004, kigari cha Opportunity kilikuwa kimekuta vijipunje vya mviringo kama pilipili manga, vimetapakaa ardhini kwa maelfu. Ni madini ya chuma yaliyojikusanya ndani ya mwamba uliokuwa umelowa maji ya chini ya ardhi. Maziwa yalikuwako pia, moja ndani ya Gale hiyo hiyo. Kuhusu bahari kubwa upande wa kaskazini ya Mirihi, wapo wataalamu wanaoitetea na wapo wanaoipinga, na mabishano yao hayajesha.

Umeuliza wanaficha nini. Nakujibu kwa heshima, kwa kuwa najua watu wetu wamefichwa mengi katika historia na wana haki ya kuuliza. Katika hili, picha ghafi za Curiosity na za mwenzake Perseverance huwekwa kwenye intaneti, kila mtu azione, mara nyingi ndani ya siku hiyo hiyo, kabla hata wataalamu hawajazichambua. Mlango uliouona ulifika kwenye simu ya mwanao kwa sababu hiyo. Mwenye siri asingeuweka barazani.

Kutokwenda kuingia kuna sababu yake. Kigari kile hakina dereva ndani. Amri ikitoka duniani huchukua kati ya dakika tatu na zaidi ya ishirini kufika, kutegemea sayari mbili zilivyokaa, kwa hiyo hupangiwa safari ya siku nzima na kuachiwa kiende chenyewe pole pole. Tangu 2012 kimetembea zaidi ya kilomita 30, karibu nusu ya urefu wa kisiwa chenu. Kila mita inagombewa na watu wenye maswali, na ufa wa sentimita 30 kwenye jabali lenye nyufa mamia hauna swali jipya ndani yake.

Likitokea jiwe lenye swali jipya, husimama. Mwishoni mwa Desemba 2013 Opportunity ilipiga picha mahali palipokuwa patupu, na palepale siku 12 za Mirihi baadaye, Januari 2014, pakawa na jiwe: jeupe pembeni, jekundu katikati, upana wa sentimita nne. Mtu mmoja akasema ni kiumbe kama uyoga. Alikwenda mpaka kwenye mahakama ya Marekani kutaka NASA ilazimishwe kulichunguza, ingawa tayari ilikuwa inalichunguza. Wewe ungelitambua mara moja. Gurudumu lilikuwa limekanyaga jiwe kubwa zaidi likalivunja, na chenga ikaruka. Ni mara ngapi chenga imekurukia ukaiokota mbali na ulipopiga?

Gurudumu tena, safari hii la Curiosity, ndilo lililotoa jiwe ambalo mimi lilininyima usingizi. Tarehe 30 Mei 2024 kigari hicho chenye uzito wa kilo 900 hivi kilikanyaga jiwe la kawaida, la kijivu na vumbi, kwenye bonde liitwalo Gediz Vallis. Likapasuka. Ndani yake mlikuwa na fuwele za manjano za salfa tupu, ile ambayo wazee wetu waliiita kiberiti. Salfa iliyochanganyika na madini mengine ilikuwa inajulikana Mirihi. Salfa tupu, peke yake, haikuwa imewahi kuonekana kule. Hapa duniani huipata kwenye volkano na chemchemi za moto, na pale hapana dalili za hayo. Na jirani yake yametapakaa mawe mengine mengi yanayofanana nalo. Hiyo ndiyo ajabu, ndugu yangu, na kwa nje haikuwa na umbo la kitu chochote.

Julai ya mwaka huo huo 2024, mahali pengine kwenye sayari hiyo, Perseverance ikiwa kwenye bonde la kale la mto lililoingia katika ziwa la Jezero, ilikuta jiwe lililopewa jina Cheyava Falls. Refu kama mita moja, jekundu, lina madoa meupe yenye kingo nyeusi kama ngozi ya chui. Lilikuwa tope kabla ya kuwa jiwe. Ndani yake mna kaboni ya aina inayopatikana kwenye viumbe, ingawa pia huweza kutokea bila viumbe, na kwenye kingo za madoa mna madini ya chuma yaliyofungamana na fosfeti na salfa. Ukitaka kujua kwa nini wataalamu walitetemeka, rudi kwenye tope mnalofukia makumbi. Ukilichimba chini kidogo ni jeusi na linanuka yai viza. Weusi ule ni chuma na salfa, na kazi ile hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi pasipo hewa. Septemba 2025 watafiti walichapisha matokeo yao kwenye jarida la Nature, wakaviita vidoa vile ishara inayoweza kuwa ya uhai wa kale. Walichagua neno "inayoweza" kwa makusudi, kwa sababu kemia peke yake nayo huweza kuzaa madini hayo. Kipande cha jiwe hilo kimetiwa kwenye mrija uliofungwa, na mpaka sasa kiko Mirihi. Natamani nikishike kabla sijafa. Mwambie mwanao kama atasoma sayansi, huenda yeye akakishika.

Sasa jiwe lako la unyayo. Nimelitazama picha yake mara nyingi na siwezi kukwambia neno, kwa sababu umenifanyia kama walivyokufanyia wale wa mlango: hamna cha kupimia, na kivuli kimemeza kisigino. Kwenye mwamba kama wenu mara nyingi hukutwa makombe makubwa ya kale yaliyogeuka jiwe, na kombe likikaa ubavu huweza kuacha shimo la namna ile. Lakini sitaki kubahatisha.

Fanya hivi. Usilipasue, usilioshe, wala usilikwangue kwa kitu cha chuma. Liweke juani, ulaze nyundo yako pembeni yake, upige picha saa mbili asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni, bila kuligeuza. Halafu ligeuze unipigie na mgongo wake na pande zote. Nipigie pia ukuta wa shimo ulipolitoa, uweke kidole pale lilipokuwa limekaa, na uniandikie lilikuwa kina gani kutoka juu. Kama vipande vilivyolizunguka bado hujaviuza, viweke kando. Nitumie picha zote, hata zile utakazoona hazina kitu.